Msikilizaji Naye Asikilizwe

Ukiingia katika ukumbi wa hoteli hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, siku ya semina ya wasaidizi wa kisaikolojia, utaona mambo yamepangwa vizuri. Watu thelathini, kalamu mpya, projekta, chai ya saa nne, na mkufunzi kutoka Lubumbashi au Kinshasa anayefundisha kwa Kifaransa dalili za kiwewe, hatua za kumsikiliza mtu na kanuni za kutunza siri. Siku ya tano vyeti vinagawiwa, picha ya pamoja inapigwa, posho inalipwa. Jumatatu inayofuata mtu yuleyule anakaa mbele ya mama ambaye mume wake amefukiwa shimoni, mlango umefungwa, na hakuna mwingine wa kuona anachofanya humo ndani.

Kazi yangu inaanzia hapo. Mimi ni mwanasaikolojia. Ninawasimamia wasaidizi wa kisaikolojia, tunaowaita APS kwa kifupi, katika vituo vya afya vya Manika na Dilala na katika vijiji vya barabara ya Likasi. Wengi ni wauguzi, walimu, watumishi wa kanisa, vijana waliomaliza shule na kukosa ajira nyingine. Wana moyo na wana akili. Tena wanajua wanachofundishwa: waulize dalili za sonona, watakutajia zote bila kufungua daftari. Ila nimewaona wengi wakiharibu kazi katika dakika kumi za kwanza, na hakuna aliyejua, wao wenyewe wakiwa wa kwanza kutojua. Ndiyo maana nasema jambo kubwa kuliko yote katika kumlea tabibu mpya ni kuwa na mtu anayesikia alichosema kwa mgonjwa, neno kwa neno, kila wiki, kwa muda mrefu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Nianze na Kasulo. Huu ni mtaa wa hapa mjini ambako mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Mtaa ukageuka machimbo. Ukipita ulikuwa unaona maturubai yametandazwa uani, na chini ya turubai shimo linaloshuka wima, halafu linapinda na kuingia chini ya nyumba ya jirani. Sehemu moja ilikuja kuzungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa, lakini uchimbaji chini ya nyumba haukuisha.

Msaidizi mmoja, kijana makini, aliniletea kadi ya mama wa makamo. Alikuwa ameandika: halali usiku, anasikia watu wakigonga chini ya kitanda chake, anazungumza nao. Pendekezo lake lilikuwa rufaa ya kwenda Lubumbashi, kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain. Hiyo ni safari ya kilomita kama 300, nauli ya watu wawili, na jina la kichaa litakalomsubiri mtaani akirudi. Nikamwuliza swali moja: huyu mama anakaa wapi? Hakuwa ameuliza. Alikuwa anakaa Kasulo. Waliokuwa wakigonga chini ya kitanda ni wachimbaji, na mama alikuwa akizungumza nao kweli: alikuwa akipiga kelele sakafuni ili watoke. Katika kikao kilichofuata ndipo akasema jambo lililomkosesha usingizi. Mmoja wa waliokuwa chini ni mwanawe. Akienda kwa chifu wa mtaa, mtoto atakamatwa. Akinyamaza, nyumba inaweza kumwangukia mtoto kichwani.

Yule kijana hakuwa mjinga. Alifundishwa kwamba kusikia sauti ni dalili, naye akaikumbuka dalili. Ambacho semina haikumpa ni mtu wa kukaa naye jioni na kumwuliza maswali kabla kadi haijaondoka mezani.

Sasa niseme tunavyofanya kikao cha usimamizi, maana watu wa nje hudhani ni mazungumzo ya kupeana moyo. Tunakaa wanne au watano. Kanuni ya kwanza ni kwamba hatutaki muhtasari. Msaidizi mpya daima ataanza na muhtasari, kwa sababu muhtasari unamficha. Kijana mmoja alituambia hivi kuhusu mama aliyempoteza mume katika handaki lililoporomoka: "Alilia, nikamtuliza, akaenda vizuri."

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema ana mawazo mengi."

"Na kabla ya hapo?"

Akanyamaza. "Yaya," akaniita kwa heshima, "alisema jambo la taa. Kwamba kila jioni umeme ukirudi anaichaji taa ya kichwani ya mume wake."

"Wewe ukajibu nini?"

"Nikamwambia, mama jikaze, una watoto, Mungu hawezi kukuacha."

"Naye?"

"Akasema asante."

"Alirudi?"

"Hapana."

Kwenye rejista kikao hicho kimeandikwa kwamba kimefanyika na mteja ametulia. Anayesoma rejista Kinshasa ataona kazi nzuri. Sisi tulibaki na ile taa. Nilimwuliza angemwuliza nini yule mama kama angerudi mbele yake. Akafikiri sana, kisha akasema: "Ningemwuliza anaichaji ili iweje." Tukaigiza. Mwenzake akawa mama, yeye akauliza, akajibiwa, na akalazimika kukaa na jibu bila kulikimbia. Baadaye alimtuma mhudumu wa jamii aende kumsalimu mama nyumbani na kumwambia kwamba mlango uko wazi. Mama alikuja. Ndipo tukafahamu kwamba mwili haukupatikana, na kwa kuwa mwili haukupatikana, ukoo wa mume ulikataa kukaa kilio. Huyu mwanamke hakuwa mjane wala mke, na aliambiwa ajikaze kabla mtu yeyote hajauliza anajikaza na nini.

"Jikaze" ndilo neno ninalopambana nalo zaidi. Msaidizi hulisema kwa upendo. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo anavyoambiwa kanisani, ndivyo anavyojiambia mwenyewe. Huja haraka kwa sababu kilio cha mtu mzima kinaumiza kukitazama, na neno hilo hukifunga. Mwenye shida akishaambiwa ajikaze hujua kikao kimekwisha. Hushukuru, huaga, hachukui muda wa watu tena. Semina zote ninazozijua zina ukurasa usemao usimhukumu, usimkatize, usimhubirie. Msaidizi huunakili ukurasa huo kwa mwandiko safi, na wiki ileile anakatiza na kuhubiri bila kujisikia. Hatajisikia mpaka mwingine ayarudie maneno yake mbele yake.

Wengi wa wasaidizi wangu wanasali, na baadhi ni viongozi wa vyumba vya maombi. Siwakatazi imani. Lakini mmoja aliwahi kuniuliza kwa uchungu: "Nisipoomba naye, nifanye nini sasa?" Ni swali la haki kabisa, na haliwezi kujibiwa kwa projekta. Nilikaa mbele yake nikawa mgonjwa, nikasema sentensi moja nzito, nikanyamaza. Hakuweza. Alisogeza kiti, akafungua kadi, akauliza umri wangu. Tukarudia. Mara nyingine akaanza kunipa mfano wa Ayubu. Tukarudia tena wiki zilizofuata, mpaka siku aliyoweza kunitazama, kukaa kimya, na kusema tu, "Endelea, nakusikia." Ilimchukua miezi. Hakuna namna ya kuifupisha ile miezi, nami nimeacha kuitafuta.

Jambo jingine ambalo wageni hawalioni ni umri wa majeraha ya mji huu. Msaidizi wangu wa kawaida amezaliwa baada ya mwaka 2000. Anapokaa mbele ya mzee mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines akiwa na dodoso la maswali tisa, mzee atajibu "hapana" kwa yote tisa na kuomba dawa ya kichwa. Mmoja wa wazee hao alikuwa na tatizo moja ambalo wanawe walilichukulia kama uzee: baruti inapolipuliwa mgodini, na nyumba za hapa hutikisika, anainuka na kwenda kujikunja nyuma ya kitanda. Msaidizi aliandika: wasiwasi, apewe mazoezi ya kupumua. Mazoezi ya kupumua ni mazuri. Ila hakuna aliyemwuliza mzee alikuwa wapi Mei 1978, waasi wa FNLC walipoingia kutoka Angola na kuuteka mji na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, na maiti zikawa zimelala barabarani.

Kwa hiyo ninawafundisha historia ya Kolwezi kama sehemu ya tiba. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, walifukuzwa na kusubiri treni katika stesheni za Kolwezi na Likasi katika hali mbaya mno. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa jina la kuondoka kwa hiari, kwa fedha zilizotoka Benki ya Dunia. Kabla ya hapo kampuni ndiyo iliyokuwa hospitali, shule na unga wa mwisho wa mwezi. Ukiwa hujui hayo, baba aliyekaa kimya nyumbani miaka ishirini utamwita mvivu, au utampa jina la ugonjwa na kusahau kuuliza ulianza lini.

Hata hilo nalo linahitaji macho ya msimamizi. Msaidizi aliyejifunza kuhusu mwaka 1978 alianza kumwuliza kila mzee habari za 1978, hata aliyekuja kwa sababu ya kugombana na mkwe wake. Mwingine, baada ya somo la kiwewe, alimfanya binti aliyebakwa asimulie tukio lote katika kikao cha kwanza, kwa undani, kwa sababu alielewa kwamba kusema ndiyo dawa. Binti aliondoka akitetemeka. Somo lilikuwa sahihi, saa yake haikuwa sahihi, na saa haifundishwi ukumbini.

Halafu kuna msaidizi mwenyewe. Hapa hakuna aliye nje ya mgodi. Tarehe 27 Juni 2019, upande wa mgodi wa wazi wa KOV ulipoporomoka na kuwafunika wachimbaji, idadi ya waliokufa kwa taarifa ya mamlaka ilifika 43, na mji mzima ulikuwa unapiga simu kuuliza fulani yuko wapi. Tunawaomba vijana wenye kaka na baba mashimoni wawasikilize watu waliopoteza kaka na baba mashimoni. Nina msaidizi mmoja, binti mzuri sana kwa watoto, ambaye rejista yake ilikuwa safi kuliko zote. Katika kuigiza tuligundua kwa nini. Kila mama alipofika sehemu ya udongo kuporomoka, yeye alianza kujaza fomu. Aliuliza jina la mtaa, namba ya simu, idadi ya watoto, mpaka mama aache. Kaka yake anachimba. Aliposema hivyo mbele ya wenzake alilia kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, na kuanzia hapo akaweza kuiacha kalamu mezani. Wengine hawakupata bahati hiyo. Nimeona wakianza kunywa, nimeona wakiacha kazi wakisema ni mshahara. Mshahara ni mdogo kweli, lakini sio uliowafukuza.

Na kuna siri. Manika ni kubwa kwenye ramani, ila kwa maneno ni uwanja mmoja. Anayekuja kwako kikaoni kesho utamkuta sokoni au kwaya. Mume atapiga simu akitaka kujua mke amesema nini. Mchungaji atauliza kwa nia njema. Siku moja mtu aliyevaa kofia ya usalama alifika kituoni akiomba kuona kadi za familia zilizodai fidia baada ya ajali, naye aliomba kwa adabu kiasi kwamba msaidizi mpya alikuwa ameshafungua kabati. Muuguzi mkubwa alimzuia. Kanuni ya siri ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kabati lile. Kijana aliijua. Hakuwa amewahi kufanya zoezi la kumwambia mtu mkubwa "hapana", basi.

Sisemi kwamba watu wasio na shahada hawawezi kazi hii. Ushahidi ulio wazi kabisa umetoka nchini kwetu. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la New England lilichapisha utafiti uliofanyika Kivu kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Waliowatibu walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wenye elimu ya sekondari, wakiongoza tiba ya makundi ya kuchambua fikra. Miezi sita baada ya tiba, 9% ya wanawake wa makundi hayo walikuwa bado na dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi, dhidi ya 42% ya waliopata msaada wa mtu mmojammoja. Wakubwa wa miradi husoma takwimu hizo na kusema: mnaona, wiki mbili za mafunzo zinatosha. Hawasomi sehemu inayofuata. Wasaidizi wale walikuwa na wasimamizi Wakongomani waliowafuatilia, na juu ya wasimamizi hao palikuwa na usimamizi mwingine uliofika hadi kwa wakufunzi walioko Marekani. Tofauti ile ilitokana na tiba yenyewe, sikatai. Ila tiba ile haikuachwa peke yake vijijini hata wiki moja.

Wazee wa Gécamines wananielewa haraka kuliko wakubwa wa miradi. Chini ya ardhi, kijana mpya hakuachiwa apime dari ya handaki peke yake. Alisimama na mzee, akagonga mwamba kwa mtaimbo, na mzee akamwuliza amesikia nini: mwamba mzima unalia, uliopasuka unasema kwa sauti nzito. Hakuna kitabu kingempa sikio hilo. Na katika mambo ya roho pia mji huu umewahi kujua malezi marefu. Jamaa, ushirika wa Kikatoliki ulioanzia hapa miaka ya 1950 kwa Padri Placide Tempels na wafanyakazi wa mgodi, haukumpokea mtu kwa semina. Mume na mke walilelewa hatua kwa hatua na waliowatangulia, kwa mazungumzo ya muda mrefu. Kwa hiyo ninachoomba si mtindo wa kigeni.

Kwa nini basi hakifanyiki? Kwa sababu semina huhesabika na usimamizi hauhesabiki. Ripoti ikisema watu 30 wamefundishwa, mfadhili anafunga faili. Ripoti ikisema watu watano wamesikilizwa kila Alhamisi mwaka mzima, anauliza matokeo yako wapi. Ukaguzi upo, nao huja na gari. Mkaguzi hupitia rejista, huhesabu vikao, huangalia kama fomu zimejazwa na kabati limefungwa, hutia sahihi na kuondoka. Hajawahi kumwuliza msaidizi alisema nini kwa mtu yeyote. Nami ninayesimamia ninahitaji mtu wa kunisikiliza, na mara nyingi mtu huyo yuko Lubumbashi, kwenye simu, mtandao ukiruhusu.

Mahitaji yangu nayajua, na si makubwa. Mwenye fedha za kufundisha watu 30 kwa siku tano hotelini, achague sita. Awafundishe kwa Kiswahili cha mgonjwa, kwa kuigiza kuliko kwa kuandika. Amlipe msimamizi mmoja aliyewahi kukaa na wagonjwa mwenyewe, akae na sita hao nusu siku kila wiki kwa mwaka mzima. Cheti kitolewe mwisho wa mwaka huo, na asiyeweza kazi aambiwe mapema, kwa heshima, kabla hajawaumiza watu. Wawili wazuri kati ya sita watakuwa wasimamizi wa sita wengine. Itakwenda polepole, na picha ya pamoja itakuwa ndogo. Hata hivyo mama wa Kasulo atakapoingia chumbani na kusema kwamba anasikia watu wakigonga chini ya kitanda chake, atakuta mtu aliyefundishwa kumwuliza anakaa wapi.